Nona, sala ya saa tisa

Kwa fundi seremala, saa tisa ya mchana ndiyo saa ngumu kuliko zote. Asubuhi mkono una nguvu na jicho linaona mstari vizuri. Saa sita tumbo linadai haki yake, unalipa, unaendelea. Lakini ikifika saa tisa mgongo umechoka, vumbi la mbao limejaa puani, mvua inapiga mabati mpaka hamsikizani, na mteja aliyeahidiwa kabati lake jioni ameshaanza kupiga simu. Mafundi ninaowajua wa Kadutu, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, walioumizwa na msumeno, wengi waliumia mchana wa namna hiyo, kazi ikiwa inakaribia kwisha.

Ndiyo maana nilipokutana na neno nona halikunipita hivihivi. Ni neno la Kilatini, maana yake "ya tisa", na kwa karne nyingi Wakristo wamelitumia kuita sala inayosaliwa saa hiyohiyo. Nimelifuata kwa miaka sasa, kwa kusoma, kwa kuuliza mapadri, na zaidi kwa kuisali sala yenyewe katikati ya mbao. Nataka kuandika nilichokikuta humo, maana naona Wakristo wengi wa huku kwetu hawajui kama kitu hicho ni chao pia.

Nililisikia kwa watawa. Nje ya Bukavu, juu ya kilima, kuna nyumba ya watawa wa ndani, wale ambao hawatoki kwenda kufundisha wala kuuguza. Wanaishi kwa sala, kwa shamba na kwa maziwa ya ng'ombe wao. Waliniita kutengeneza viti vya kwaya katika kanisa lao. Viti vile ni vya mvule, vya zamani, vimepangwa safu mbili zinazotazamana. Kikalio kimefungwa kwa bawaba: ukisimama, unakiinua na kukilaza nyuma, na hapo chini yake unaona kibao kidogo kimejitokeza, upana wa kiganja tu. Nilidhani ni kipande cha kuimarisha. Mama mtunza kanisa akanieleza kwamba kibao hicho kina jina lake, misericordia, yaani huruma: mtawa mzee asiyeweza kusimama zaburi zote anakiegemea huku akionekana amesimama pamoja na wenzake. Bawaba nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu, na vibao viwili vitatu vimepasuka. Kilichonishangaza ni sehemu za kuwekea mikono. Mvule ule ulikuwa umelainika kuliko ninavyoweza kuulainisha kwa msasa wa namba yoyote, na kwenye baadhi ya viti palikuwa na kishimo kidogo, mahali ambapo kidole gumba cha mtu mmoja kimekaa miaka na miaka akisali.

Viti vilikuwa vimefungwa ukutani, kwa hiyo kazi niliifanya humohumo kanisani. Kengele ikilia, watawa wanaingia, mimi natoka au nakaa kimya nyuma. Siku za mwanzo, mchana, nilikuwa nimezama katika kuchonga kiungo nikamsikia yule mama karibu yangu.

"Papa fundi, ni Nona. Tunaomba nyundo ipumzike kidogo."

Nikauliza Nona ni nani. Akasema, "Ni saa tisa tu, Papa. Saa tisa ya mchana, jinsi unavyoijua."

Nikabaki nyuma nikisikiliza. Walifungua kwa mstari mfupi wa kumwomba Mungu aje upesi kusaidia, wakaimba wimbo mmoja, zaburi tatu fupi, somo la mistari michache, wakafunga. Haikufika robo saa. Kisha kila mmoja akarudi alikotoka: huyu jikoni, huyu bustanini, huyu zizini. Nami nikashika patasi yangu, na naweza kusema kiungo kile kiliingia vizuri kuliko vyote vya siku ile.

Sasa nieleze saa zenyewe, maana hapa Kiswahili kinatupa urithi ambao wengine hawana. Waroma wa kale walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza. Saa ya kwanza ni prima, ya tatu tertia, ya sita sexta, ya tisa nona. Sala za Kanisa zikachukua majina hayohayo. Mswahili anaposema saa tatu, saa sita, saa tisa, anahesabu kutoka mahali palepale Mroma alipoanzia. Ukimwambia mtu anayetumia saa za Kifaransa kwamba Yesu alikufa "saa ya tisa", inabidi umfafanulie kwamba si tisa ya asubuhi. Nimeliona hilo katika katekesi parokiani kwetu: vijana waliosomea Kifaransa wanahangaika na "neuvième heure", lakini ukiwasomea Injili ya Marko kwa Kiswahili hakuna anayeuliza. Saa tatu wakamsulibisha, saa sita giza likawa juu ya nchi yote, na saa tisa akapaza sauti yake kubwa. Sikukuu ya Pentekoste nayo, watu walipodhani mitume wamelewa, Petro aliwajibu kwamba bado ni saa tatu ya mchana. Mama yangu, ambaye hakusoma shule, angeweza kukuonyesha saa hizo zote kwa kutazama kivuli cha nyumba.

Kuna jambo lingine lililonifurahisha nilipolijua. Saa za Waroma hazikuwa na urefu mmoja mwaka mzima. Waligawa mwanga wa mchana mafungu kumi na mawili, uwe mrefu au mfupi. Kule Italia, mwezi wa Juni saa moja ya namna hiyo ilifika karibu dakika 75. Mwezi wa Desemba ilikuwa kama dakika 45 hivi. Kwa hiyo Nona ya kiangazi na Nona ya baridi hazikuwa mahali pamoja. Bukavu iko jirani na ikweta, na tofauti kati ya mchana wetu mrefu kuliko yote na ule mfupi haifiki hata nusu saa. Saa tisa yetu ni saa tisa, iwe Januari, iwe Julai. Sala hii ilipewa jina lake mbali na hapa, lakini sidhani kuna mahali inapokaa sawasawa kama huku kwetu.

Kuhusu chanzo, watu wengi hudhani ni wamonaki waliotunga. Ni ya zamani zaidi. Wayahudi walikuwa na sala ya alasiri pamoja na sadaka ya hekaluni, na Matendo ya Mitume yanasema waziwazi kwamba Petro na Yohana walikuwa wakipanda kwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Ni hapo mlangoni walipomkuta yule kiwete. Sura ya 10, Kornelio askari wa Kiroma anamwona malaika saa tisa, na kesho yake Petro yuko darini akisali saa sita. Karibu mwaka 200, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini mahali ambapo leo ni Tunisia, aliandika kuhusu sala za saa tatu, saa sita na saa tisa. Alikubali kwamba hakuna amri inayozilazimisha. Lakini akasema ni vizuri tuwe nazo, kwa sababu zinatung'oa kutoka shughuli zetu kana kwamba ni sheria. Neno hilo la kung'oa nalielewa vizuri sana. Nimeng'oa misumari ya kutosha. Baada yake akaja Sipriani, askofu wa mji huohuo aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, akaona katika saa tatu zinazoachana tatutatu alama ya Utatu Mtakatifu. Hawa walikuwa watu wa bara hili, na waliandika kabla Benedikto hajazaliwa.

Benedikto wa Nursia ndiye aliyeziweka saa zote katika utaratibu, karne ya 6, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki. Alichukua mstari wa Zaburi 119 unaosema "mara saba kila siku nakusifu" akapanga sala saba za mchana, mbali na ile ya usiku. Mimi si mmonaki, nina mke, watoto na madeni ya mbao, lakini Kanuni ile nimeisoma kama fundi na nimekuta mtu anayejua kazi. Anasema vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Hapo nilisimama nikasoma tena. Randa, patasi, koleo, vyote! Tangu hapo hakuna mwanafunzi wa atelye yangu, yaani karakana, anayetupa randa sakafuni huku makali yakitazama chini. Anasema tena kwamba ishara ya sala ikisikika, mtu aache kilichomo mikononi mwake aende, kwa haraka lakini kwa heshima. Na kuna sura fupi, ya 50, ambayo ningependa kila fundi, kila dereva, kila mama wa sokoni aijue: ndugu wanaofanya kazi mbali na hawawezi kufika kanisani kwa wakati, wasali palepale walipo, wakipiga magoti kwa hofu ya Mungu. Yaani mahali pa kazi panatosha.

Alijua pia uchovu na njaa. Wakati wa kiangazi aliisogeza Nona mapema kidogo, katikati ya saa ya nane, ili watu wapate kurudi kazini mpaka jioni. Kuanzia katikati ya Septemba hadi Kwaresima, wamonaki walikula baada ya Nona tu. Sasa fikiria watu wanaoamka usiku wa manane kusali, wanalima, halafu chakula kinasubiri sala ya saa tisa. Pole pole, katika Enzi za Kati, sala ikavutwa nyuma kuelekea saa sita, na jina likahama nayo: Waingereza mpaka leo mchana wa saa sita wanauita noon, na neno hilo limetoka kwa nona. Wahispania nao wanaposema siesta, ule usingizi wa mchana, wanataja sexta, saa ya sita.

Prima, ile sala ya saa ya kwanza, ilizaliwa kwa sababu ya usingizi. Yohane Kasiano, mmonaki wa kale, anaandika kwamba katika monasteri moja ya Bethlehemu ndugu walikuwa wakimaliza sala ya alfajiri wanarudi kulala mpaka saa tatu, basi wakawekewa sala nyingine jua linapochomoza. Ilidumu zaidi ya miaka elfu moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiondoa kwa hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963. Tertia, Sexta na Nona zikabaki. Wasiosali pamoja katika kwaya kama watawa wakaruhusiwa kuchagua moja kati ya hizo tatu, inayolingana na saa waliyo nayo.

Mimi nilichagua Nona, na sababu yangu ni zaburi zake. Benedikto alipanga kwamba kuanzia Jumanne, sala za mchana zichukue zile zaburi fupi ambazo Biblia inaziita nyimbo za kupanda, zilizoimbwa na mahujaji wakienda Yerusalemu. Tertia zikapewa 120, 121 na 122. Sexta 123, 124 na 125. Nona ikapata 126, 127 na 128, kwa hesabu ya Biblia yetu ya Kiswahili. Zisome hizo tatu za mwisho ukiwa na kazi mkononi. Ya kwanza inasema wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha. Ya pili inaanza, "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Ya tatu inasema, "Taabu ya mikono yako hakika utaila," kisha inataja mke kama mzabibu na watoto wakizunguka meza. Machozi ya kazi, kazi yenyewe, chakula cha kazi. Sijawahi kupata maneno mengine yanayonisemea hali yangu ya saa tisa kwa ufupi hivyo.

Mstari huo wa "wafanya kazi bure" ulinichukua muda mrefu. Miaka ya nyuma nilitengeneza vitanda vya hosteli moja. Mwenye kazi alilipa nusu, nyingine hajaileta mpaka leo. Nililipa mbao, nililipa vijana, mimi mwenyewe nikabaki mikono mitupu. Kila nilipofika kwenye Zaburi 127 moyo ulikuwa ukichemka, maana bure niliifahamu kwa jina la mtu. Niliendelea kuusali mstari ule na hasira yangu, sikuuruka. Baada ya muda nilianza kuona kwamba zaburi haizungumzii malipo peke yake. Inamtaja mtu anayeamka mapema na kuchelewa kulala, anayekula chakula cha taabu, halafu inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Wakati ule nilikuwa silali. Nilikuwa naipiga hesabu ya vile vitanda usiku kucha, sitoi hata faranga moja humo. Deni bado ni deni, na ningelipwa kesho ningeshukuru. Usingizi lakini nimerudishiwa.

Kwenye atelye tulianza bila tangazo. Nilikuwa naenda kusimama kando ya rundo la mbao, nasali kimoyomoyo, narudi. Kijana wangu mkubwa wa kazi akauliza, nikamweleza, akasema atasimama nami. Wa pili akafuata. Sasa saa tisa ikifika mmoja anazima mashine, tunajipangusa vumbi, tunasimama kuzunguka meza ya kurandia, mmoja anasoma zaburi kutoka simu, tunasali Baba Yetu, basi. Mwanzoni wateja waliona ajabu. Mmoja alikuja kuchukua viti vyake akakuta tumesimama, akakunja uso. Zaburi ya kupanda kwa machozi ilipoanza akavua kofia. Siku hizi wapo wanaojua, wakifika wakati huo wanasubiri mlangoni.

Shida yetu kubwa ni umeme. Huku kwetu umeme unakuja unavyotaka, na ukikatika tangu asubuhi ukarudi saa tisa kasoro dakika tano, kila mashine ya mtaa inalia kwa pamoja kwa sababu hakuna ajuaye utadumu muda gani. Siku hizo kusimama kunauma kweli. Tumekubaliana kwamba tunasimama. Ni dakika kumi, na mbao haijawahi kukimbia. Wakati wa hatari, mji ulipojifungia ndani na risasi zikisikika, atelye ilikuwa imefungwa na kila mmoja yuko kwake. Vijana waliniambia baadaye kwamba saa tisa walisali zilezile zaburi majumbani, mmoja akiwa chini ya kitanda na wadogo zake. Sikuwa nimewaagiza.

Fundi wetu wa kupaka vanishi ni Mwislamu. Yeye sala yake ya alasiri inaangukia karibu na yetu, baadaye kidogo. Anachukua ndoo, anatawadha nyuma ya ghala, anatandika mkeka wake pale pasipo na vumbi. Wazee wake wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani na hakuna aliyewashangaa. Kiswahili chenyewe kimejengwa na sala hizo: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, yote ni majina ya sala na pia ni majina ya nyakati, na sisi Wakristo tunayatumia kila siku. Aliponiona nimeanza na Nona alisema tu, "Papa, sasa nanyi mna alasiri yenu." Nilifurahi kuambiwa hivyo.

Lakini saa tisa ni saa aliyokufa Bwana, na sala hii haiwezi kukwepa hilo. Wimbo wake wa Kilatini, Rerum Deus tenax vigor, ambao mapokeo yanauhusisha na Ambrosi wa Milano, ni mfupi sana. Unamwita Mungu nguvu inayoshikilia vitu vyote bila yeye mwenyewe kutikisika, anayepanga nyakati kwa mwendo wa mwanga. Kisha unaomba jioni yenye mwanga, ambamo uhai hautaanguka tena, na utukufu usio na mwisho uwe zawadi ya kifo kitakatifu. Kwa wamonaki ni wimbo wa kila siku. Kwa seremala una uzito wake, kwa sababu sisi ndio tunaotengeneza majeneza.

Jeneza haliagizwi wiki moja kabla. Baba wa mtaa wa jirani alikuja baada ya saa sita, mtoto wake wa kike alikuwa amefariki asubuhi, mazishi ni kesho. Hakuwa na kipimo. Alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu, akaiachanisha, akasema, "Ni hivi." Nikaweka futi kati ya viganja vyake nikasoma. Nilichagua mbao nyepesi zisizo na fundo, nikaziranda pande zote mbili, hata upande wa ndani usioonekana. Kijana wangu akakata, mimi nikaunga. Baba yule alikataa kiti. Alisimama akitazama kila msumari.

Saa tisa ikafika kifuniko kikiwa bado. Vijana walinitazama. Nilimwambia yule baba kwamba huu ni wakati wetu wa kusali, kama anapenda tumalizie kwanza tutamalizia. Akasema tusali. Tukasimama kuzunguka meza, na juu ya meza palikuwa na lile sanduku dogo lisilofunikwa. Zaburi 126 ilisomwa. Ilipofika 128, palipo na watoto wanaozunguka meza, kijana aliyekuwa akisoma akakwama. Sikumsaidia, koo langu pia lilikuwa limefunga. Ni baba mwenyewe aliyemalizia, alikuwa anaijua kwa kichwa. Ilisomwa kwenye harusi yake. Halafu akasema sala yake, sitaiandika hapa. Tulipofungua macho aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaomba maji.

Kabla ya siku ile nilikuwa nikiisali Nona kama mapumziko matakatifu ya mfanyakazi, na ni kweli ni hivyo. Siku ile nilielewa kwa nini Kanisa liliiweka hasa saa ya msalaba. Mtu anayefika kwako saa tisa huenda amebeba kitu ambacho huwezi kumpunguzia kwa maneno yako, na ni vema ukiwa na maneno ambayo hayakutungwa na wewe, yaliyosaliwa na wengi kabla yako, na Kristo akiwa ndani yake. Baadaye nilimsimulia yule mama mtunza kanisa. Alikaa kidogo, kisha akaniambia kwamba watawa pia huwa wanaingia Nona wamechoka kuliko sala nyingine, na kwamba mkuu wao wa zamani alikuwa akisema Nona inasaliwa kwa ajili ya wote ambao saa hiyo wanakata roho.

Ipo pia habari ya shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, tena saa kumi na moja. Kila asubuhi hapa mjini nawaona vijana wamesimama kando ya barabara na sepeto zao, wakisubiri atakayewaita kubeba mchanga. Saa tisa bado utawakuta wachache wamebaki. "Mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi?" "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Jibu hilo nimelisikia kwa masikio yangu, karibu neno kwa neno. Kwa hiyo katika Nona yetu huwa tunawataja wasio na kazi, na mara mojamoja kijana wa barabarani ameingia atelye kupitia mlango huo. Mmoja wao sasa anachonga milango vizuri kuniliko.

Huwa naulizwa kama sala hizi si za mapadri na watawa tu. Hati ileile ya 1963 inawahimiza walei nao wazisali, pamoja na mapadri, au wao kwa wao, au mtu peke yake. Naulizwa tena kama lazima mtu awe na kitabu kile kinene cha sala za vipindi. Ukikipata ni vizuri sana, na padri wako atakuonyesha namna ya kuweka utepe. Usipokipata, fungua kwa kumwomba Mungu akusaidie hima, soma Zaburi 126, 127 na 128, kaa kimya kidogo, taja uliokutana nao siku hiyo, sali Baba Yetu. Jumapili na Jumatatu Benedikto aliweka Zaburi 119 badala yake, ndefu kuliko zote, ikigawanywa vipande kwa sala za mchana. Jumapili tumefunga. Jumatatu sisi tunabaki na zile tatu fupi, kwa sababu ndiyo siku tunayounga meza na makabati kwa wingi, na gundi ikishapakwa inakauka.